Wimbo Uliorudishwa Nanganga

Wifi yangu Bibiana hana aibu, na nasema hivyo kwa kumsifu. Mwanamke mwenye aibu asingeweka kibanda cha kanda katikati ya soko la Newala, kati ya wanaume watupu, kila mmoja na spika inayokoroma kuliko ya mwenzake. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi ubavuni pake, kwa hiyo haya ni ya kuona kwa macho yangu, si ya kuhadithiwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupanda huku kwetu na malori yao, na msimu ukiisha vizuri kila nyumba ilitaka redio kaseti. Kaka yangu naye akamletea mkewe moja kubwa kutoka Dar es Salaam, ya milango miwili, ile ya kuhamisha wimbo kutoka kanda hii kwenda kanda ile. Alidhani amemnunulia pambo la sebuleni. Wiki haikuisha, wifi akaihamishia sokoni.

Mwanzoni aliuza walichouza wengine: dansi, mapenzi, nyimbo za baa. Mpaka siku baba yetu, yaani mkwe wake, alipokuja kutusalimia. Regina, binti wa Bibiana, hata shule hajaanza, akasimama mbele ya babu yake, mikono kiunoni, akamwimbia wimbo wa mwanamke anayemwambia mume wa mtu azime taa asogee. Akauimba wote, na kiuno akazungusha. Baba aliweka kikombe chini taratibu, akawa anatazama ukuta. Wifi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi nilikimbilia jikoni kucheka, Mungu anisamehe.

"Ameutoa kibandani kwangu," aliniambia baadaye. "Na si yeye peke yake. Nenda bombani kwenye foleni ya maji uwasikie watoto wanaimba nini."

Hakulia, wala hakufunga kibanda. Asubuhi alinitangazia kwamba sasa anatafuta nyimbo za watoto, nyimbo ambazo nyumba nzima inaweza kukaa ikazisikiliza. Hamidu, muuza kanda wa mbele yetu, kijana wa Masasi mwenye maneno mengi, akamcheka. "Mama Regina, watoto wana hela gani?"

"Watoto wana mama zao," wifi akamjibu, akaendelea kufuta vumbi.

Basi akaanza kuzunguka. Alipanda malori redio ikiwa mapajani, ameifunika kanga kama kichanga, na mfuko wa mawe ya redio begani, maana huko aendako umeme haujulikani. Alikwenda Lulindi akarekodi watoto wa kanisani. Alikwenda kwa watoto wa madrasa hapahapa Newala. Mwalimu wao alikataa, akakataa tena, kisha siku moja tukamwona anawaleta mwenyewe kwa mstari, kofia nyeupe na mafuta mpaka magotini. Akarekodi bembelezi za mabibi na nyimbo za michezo, za Kimakonde, za Kiyao, zozote.

Msidhani alikuwa anachukua kila kitu. Wifi ana sikio, na sikio lake lina dharau. Kuna mwalimu mmoja alimletea wimbo wa kuhimiza watoto kunawa mikono. Akausikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamrudishia kanda yake. "Mwalimu, haya ni mawaidha, wimbo sijausikia. Mtoto atasinzia na baba yake atatoka nje." Alitaka wimbo unaomfanya mtu mzima apige mguu chini bila kujijua.

Tena alikuwa na kipimo chake. Wimbo usioweza kuusikiliza umekaa na mkwe wako hauingii kwenye kanda yake. Hakuwa anasema tu. Kila kanda mpya aliipeleka kwa baba, akaiwasha, akapiga magoti pembeni na kumtazama usoni. Baba alianza kujifanya ana shughuli, mwishowe akawa anauliza mbona mkwe hajaleta kanda.

Na watu walizipenda, jamani. Nyumba zilizokuwa kimya jioni zikawa zinaimba. Kwa jirani yangu, mume alikuwa hajui rangi ya jamvi lake kwa kushinda kilabuni, akaanza kukaa nyumbani anabishana na wanawe nani ameanza kiitikio vibaya. Watu walisema kanda ya Mama Regina unaiwasha bila kuuliza imo nini. Sifa yake yote ilikuwa hiyo.

Sasa sikieni lililotokea. Alikwenda Nanganga, kwa bibi mmoja wa Kimakua, Bibi Pili, na dada yake Bibi Adija, wanaosifika kwa kuimba. Mabibi wale waliwakusanya wajukuu uani, wakaimba nao mpaka koo zikakauka. Watoto wakatawanyika. Wanawake watatu wakaingia ndani na redio, mabibi bado wana raha ya nyimbo, wakamwimbia mgeni wimbo mmoja wa mwisho, wao kwa wao, huku wifi anakunja kanga yake. Kitufe chekundu cha kurekodia hakuwa amekifyatua.

Alikuja kuukuta wimbo ule nyumbani. Ulikuwa sauti mbili tu, moja nene, moja nyembamba, zinaachiana na kupokeana polepole. Nami niliusikia, nilisimamisha kazi. Sisi ni Wamakonde, Kimakua hatujui, tukajua ni bembelezi. Akaupeleka kwenye kipimo. Baba alifumba macho, akasema, "Huo rudia." Basi ukawekwa wa kwanza kabisa kwenye kanda mpya, na kanda ile ilitoka kuliko zote.

Siku ya gulio akaja Mama Faidha, mwanamke wa Kimakua anayeleta vitunguu kutoka Masasi. Kanda inaimba sokoni kwa sauti ya juu. Alitua tenga lake, akaja moja kwa moja, akazima redio kwa mkono wake. Akatazama kama kuna mwanamume karibu, kisha akatuinamia.

"Huu wanaimbiwa wali wa unyago wakiwa ndani," akasema. "Mwanamume hausikii. Mtoto hausikii. Nani amekupa?"

Wifi aliketi juu ya debe langu la unga bila kuangalia anakalia nini. Hatukuhitaji kufafanuliwa. Na sisi tulichezwa unyago, na sisi tuna vyetu ambavyo tungekufa kuliko kuvisikia gulioni. Na yeye alikuwa amempigia magoti baba mkwe, akamwashia.

"Mabibi wale watasemwa wameuza mambo ya ndani," alinong'ona. "Wifi, nimewavua nguo."

Hamidu alikuwa amenusa tayari kwamba kuna jambo. Akashauri bure: anyamaze, huku juu Kimakua wanakijua wangapi? Bibiana hakumsikiliza. Alifunga kibanda mchana ule, katikati ya gulio, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Anapiga hodi, anaomba kanda, anafuta wimbo wa kwanza mbele ya mwenyewe, anairudisha. Wanaume wakiuliza anawaambia una kasoro, basi. Wanawake aliwatazama tu, wakaelewa. Wengine walimnunia. Mmoja alimwambia hataki tena kanda zake nyumbani. Aliyehamia Mtwara alimfuata hukohuko Mtwara. Mimi ningechoka njiani, nasema kweli.

Akabaki Hamidu, maana naye alikuwa ameiiba ile kanda na kuizalisha. "Siku hizi ni biashara huria, mama," akasema. "Na wimbo wenye siri ndio utauzika."

"Sawa. Basi nakwenda Masasi kumwambia mama yako unauza nini."

Uso ulimshuka. Alifuta zote tukiwa tumesimama, na kwa hasira akafuta mpaka zisizohusika.

Ikabaki ile kanda mama, iliyotoka Nanganga. Hiyo hakutaka kuifuta mwenyewe. "Nairudisha kwa wenyewe," alisema, na mimi nikamsindikiza, kwa sababu nilijua ataongea kwa ujasiri mpaka mlangoni, kisha atataka kugeuza.

Tulifika mchana. Bibi Pili alikuwa peke yake mkekani, amevaa kaniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmepata habari?"

Hatukuwa tumepata. Bibi Adija alikuwa amefariki, na arobaini ilikuwa bado. Wifi alilia kwanza msiba, kisha akapiga magoti akasema yote palepale, bila kupamba: kitufe, soko, baba mkwe. Bibi Pili alisikiliza huku anakunjua na kukunja pindo la kaniki.

"Nilishaambiwa," akasema. "Na nimeshasemwa. Umefuta?"

"Popote ulipofika nimefuta. Umebaki huu."

Bibi akawatuma wajukuu wote kisimani, akamwambia wifi afunge mlango na awashe. Zikatoka zile sauti, nene na nyembamba. Nene ilikuwa ya marehemu. Bibi Pili aliweka kiganja juu ya redio, pale inapotetemeka, akakaa hivyo mpaka mwisho.

Wifi alishindwa kuvumilia. "Bibi, huu ubaki kwako. Nakuachia na redio. Uwe unamsikia."

"Na nikifa mimi? Atauwasha nani, na mbele ya nani?"

Bibi akaisogeza redio karibu na magoti yake.

"Nionyeshe cha kufutia," akasema.

Wifi akarudisha kanda nyuma, akamwongoza kidole mpaka kwenye vile vitufe viwili vya kurekodia ukimya juu ya wimbo. Bibi akabonyeza mwenyewe. Kanda ikawa inazunguka chumba kikiwa kimya kabisa, tumeambiwa hata tusikohoe. Ndipo nikaona midomo ya bibi inakwenda. Alikuwa anauimba bila sauti, mstari kwa mstari, na pale pa dada yake anafunga mdomo, anangoja, kisha anapokea. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni na hakuyafuta, mkono mmoja ulikuwa juu ya redio. Akafika mahali akafunga mdomo, akangoja, na hakupokea tena.

"Umekwisha," akasema. "Zima."

Wifi akazima. Bibi Pili alijipangusa kwa pindo la kaniki, akatuuliza kama tumekula, kisha akaenda kufungua mlango.