Kuku wa Kishungi Aliyekuja na Mama

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilirudi Gendabi kuona kilichobaki cha nyumba yetu. Nyuma yake, kwenye magugu, nikakuta mfuniko wa pipa umeliwa na kutu. Wewe msomaji ungeupita tu. Mimi nilisimama, kwa sababu ndio uliokuwa mlango wa banda letu la kuku, na pua yangu hii ya kizee ikadhani imesikia tena majivu na mabua makavu ya ngano.

Enzi hizo mashamba ya ngano ya serikali yalienea kuelekea Basotu mpaka macho yakachoka kuyafuata. Matrekta yalinguruma tangu alfajiri, na kila nyumba ilikuwa na kitu kilichotoka shambani: gunia, waya, kipande cha bati. Sisi tulikuwa na mfuniko ule.

Mama yangu aliolewa akitokea milimani Mbulu, akateremka na mtetea mmoja mwenye kishungi kichwani, kama kofia iliyovaliwa upande. Alifariki ningali mdogo sana. Sura yake siikumbuki. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na kila nilipomuuliza mama alikuwaje, alinionyesha kuku. "Bibi yao hawa ndiye aliyekuja naye," alisema. "Alimkumbatia hivi." Hapo aliubana mkono wake ubavuni, akaangalia chini kana kwamba kuku yupo. Picha ya mama hatukuwa nayo. Tulikuwa na vishungi.

Mwaka mmoja, wakati wa kupanda ngano, mdondo ukapita kijijini. Kuku wakubwa wakapinda shingo, wakafa mmoja baada ya mwingine, hata mtetea wa mwisho mwenye kishungi. Akaacha vifaranga wachache, mabawa yameshuka, macho yamefumba.

Bibi hakukaa kulia. Alipasua jani la shubiri, akaliloweka kwenye maji. Vifaranga tukawalaza ndani ya kikapu chenye matambara, karibu na mafiga lakini si karibu mno. Kunywesha ilikuwa kazi yangu. Nilichukua bua la ngano, lenye tundu ndani, nikalichovya kwenye ile dawa na kuziba juu kwa kidole. Ukiinua kidole, tone linashuka mdomoni mwa kifaranga. Walikunja uso. Ndiyo, kifaranga hukunja uso; usinibishie kama hujawahi kumnywesha shubiri.

Dereva mmoja wa trekta alikuwa na desturi ya kupita kuomba maji ya kunywa.

"Shikamoo bibi! Wagonjwa wa wodini wameamkaje?"

"Marahaba. Wanakula vizuri kuliko wewe."

"Basi ukimaliza hao, nakuletea trekta langu. Nalo linakohoa."

"Lilete. Shubiri ipo."

Huku tukiuguza, tulitengeneza banda. Bibi alisema mgonjwa harudishwi kwenye kitanda kichafu. Tulikwangua kinyesi chote, tukakichoma mbali. Bibi akawasha kishada cha nyasi, akapitisha moto haraka kwenye kuta ili kuua utitiri, kisha tukazisiriba upya kwa udongo uliochanganywa na majivu. Tuliliacha wazi lipigwe jua. Mwisho tukatandika mabua safi ya ngano, na bibi akasimama mlangoni akasali, kama vile tunahamia sisi.

Na vifaranga wakapona! Walianza kuchakura, kisha kugombania mchwa, na juu ya vichwa vikaanza kutokeza vinyoya vidogo vya kishungi. Siku tulipowahamishia bandani, bibi aliimba wimbo wa kanisani tangu jikoni hadi uani.

Ng'ambo ya korongo aliishi jirani yetu, mama wa jamii ya wafugaji, mwenye bangili za shaba mkononi. Yeye na bibi walikuwa na kibuyu kimoja kilichokwenda na kurudi. Kwake kilitoka na maziwa, kwetu kilirudi na mahindi au maharage. Hakikurudi kitupu hata siku moja. Kurudisha chombo kitupu kulikuwa kama kumfungia mtu mlango. Wanawake wa kwao walizoea kuokota ngano iliyomwagika kwenye kona za mashamba. Siku ile ya kuhamia, jirani akaja na kibuyu kimejaa.

"Hodi mama. Leo hapana maziwa. Hii ya watoto wako wadogo, wale wagonjwa."

Ilikuwa ngano nyekundu, nzuri kutazama. Tulidhani ni wekundu wa udongo wa njiani. Bibi aliwamwagia kwa mkono wake mwenyewe, jirani akacheka kuwaona wanavyodonoa.

Kabla jua halijazama, mabawa yalikuwa yameshuka tena. Nilikimbilia bua langu na shubiri. Tone liliingia, likatoka. Walikufa wote kwenye mabua yale safi, na mwenye kishungi kirefu akafia kiganjani mwa bibi.

Asubuhi dereva alipita. Aliziona punje, akavua kofia.

"Bibi, hii ni mbegu. Imetiwa dawa ya wadudu, ndiyo maana ni nyekundu."

Nilianza kumlaani jirani. Bibi akaniziba mdomo. "Yeye alileta chakula," alisema. Kisha uso wake ukabadilika. "Watoto wake!"

Sikuwahi kumwona bibi akikimbia. Lakini hata katika haraka ile alikiosha kibuyu mara nyingi, akakijaza maharage, ndipo tukavuka korongo.

"Mama, ile ngano ina dawa. Watoto wasionje."

Jirani alishika kifua. "Kwangu hakuna. Nilileta yote kwako." Akatutazama. "Na wale wadogo?"

Bibi alimnyooshea kibuyu. Jirani alikataa kukipokea, akirudi nyuma, machozi yakimtoka. Bibi akamfuata, akakiweka mikononi mwake na kumfunga vidole juu yake. "Tumshukuru Mungu," alisema, "kwa kuwa ulitoa yote." Pale uani watoto wa jirani walikuwa wakicheza na mbuzi.

Mimi sikushukuru. Nilitembea nyuma ya bibi hadi nyumbani, nikilia kwamba mama amekufa tena.

Leo namshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wale, na ninamaanisha. Lakini hajanitaka niache kulia. Jirani na watu wake walihama na ng'ombe wao kutafuta malisho. Mashamba yale si ya serikali tena. Bibi amelala karibu na kanisa. Kuku wa kishungi nawaona mnadani Balangdalalu, wazuri tu, lakini hakuna aliyeteremka kutoka Mbulu na mama yangu.

Niliuinua ule mfuniko, nikapafagia chini yake kwa tawi, nikaurudisha. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunicheka, niliubana mkono wangu ubavuni, hivi, kama bibi alivyonionyesha, nikaangalia chini.

Hapakuwa na kitu.