Maji Yaliyopanda Kiganja Kimoja

Marehemu baba yetu mkubwa, Mungu amlaze mahali pema, alisoma maji miaka thelathini na moja. Kila asubuhi na adhuhuri alishuka ngazi za gati, akachuchumaa mpaka macho yakawa usawa wa bahari, akautazama ubao wa namba uliopigiliwa ukutani. Hakuandika upesi daftarini. Alihesabu mawimbi saba, akachukua kimo cha katikati. Ndiyo maana wapagazi walimwita Bwana Saba.

“Bwana Saba, kwani bahari ina haraka?” mpagazi mmoja alimtania.

“Haina. Mwenye haraka ni wewe, na mzigo hujaubeba.”

Mwaka wake wa mwisho kazini alikuja mhandisi mpya, binti wa rika la wanawe. Akayapitia madaftari yote, kisha akamwita.

“Baba, namba zako zimepanda kiganja kizima tangu uanze. Ama ubao umezama, ama macho yamechoka. Kama ni hivyo, haya madaftari ni ya kutupa.”

Aliyatazama madaftari. Umri wake wote ulikuwa mle.

“Macho haya,” akasema, “yanaona kifungo chako kimekosea tundu.”

Binti akajitazama, akacheka, akakifunga upya.

Kesho yake wakaupima ubao kutoka kwenye msumari wa shaba waliougongomea mwambani wajenzi wa gati. Baba mkubwa alishika fimbo ya vipimo, binti akachungulia darubini. Wakarudia mara tatu. Ubao haukuwa umesogea hata unywele. Kisha kila mmoja akasoma maji peke yake; namba zao zikalingana.

Binti akaketi ngazini. “Basi ni bahari yenyewe, baba. Kwenye ncha za dunia kuna barafu imelala juu ya nchi kavu, unene wake kilomita na zaidi. Inayeyuka, inaingia baharini. Na maji yakipata joto hutanuka.”

“Barafu ya huko ndiyo imefika kwenye ngazi yangu?”

“Sehemu yake.”

“Na iliyobaki?”

“Ikiyeyuka yote, maji yatapita paa la ghala lile. Ila hilo ni la karne nyingi.”

Baba mkubwa akalitazama paa. Alikuwa ameshinda, lakini hakutamba. Miaka yote alidhani anaandika habari za gati.

“Ee Mungu,” akasema polepole, “kumbe miaka yote nilishika upindo tu, na nguo yenyewe ni kubwa hivi?”

Adhuhuri ikawadia. Akavua kofia, akashuka.

“Njoo tuhesabu sote,” akamwambia binti. “Na usikimbilie wimbi la kwanza.”