Bwana Dumuzi na Moshi Wake

Mtaani walimwita Bwana Dumuzi, na jina likamkaa kama kofia ya kushonewa. Shahada alikuwa nazo, koti jeupe alikuwa nalo, lakini ujana wake wote aliumalizia kupigana na wadudu wanaokula mahindi ghalani. Mkewe alimtania kwamba laiti yeye mke angezaliwa fukusi, angalau mumewe angemtazama usoni. Naye alicheka tu, akarudi kwenye vichupa vyake.

Dawa yake ilikuwa ya kufukiza. Unafunga ghala, unaziba nyufa, unauacha moshi ufanye kazi. Ukifungua, dumuzi wote chali. Lakini kabla ya kuziba, Bwana Dumuzi huingia mwenyewe na taa, akagonga gunia kwa gunia akiita, maana wapagazi hupenda kujilaza humo. Wenzake wa maabara walimcheka: mtu mzima na elimu yake, anapigia mahindi hodi.

Vita vilipopamba moto akaja ofisa wa jeshi, mpole, viatu vinang'aa. Akakubali chai. Akaeleza kwamba adui amejichimbia kwenye mahandaki, risasi hazimfikii, moshi ungemfikia. Ni kuuongezea makali tu. Kisha akagusa penyewe: alijua kuwa mdogo wake Bwana Dumuzi yuko mstari wa mbele, akiyatazama mahandaki hayo hayo.

Bwana Dumuzi akaomba muda afikirie. Moyo unamwambia fanya, kitindamimba arudi. Akishika chupa, mkono unakuwa mzito kama wa kuazima. Mama yao, aliyeishi naye, aliposikia hakuzunguka.

"Watie moshi," alisema. "Wao wangekuwa nao, wangemwonea huruma mwanangu?"

Siku ya jibu, ofisa alikuja na swali moja.

"Mtaalamu, mtu akifungiwa ghalani na moshi huo, anachukua muda gani?"

Hesabu ilikuwa tayari ulimini. Bwana Dumuzi akasema hajui. Halafu akajisahihisha, maana uongo hakuuzoea.

"Najua, afande, ila sikwambii. Mimi kazi yangu huanza kwa kuwatoa watu. Kama chawa wanawatesa vijana, leteni mablanketi yao niyafukize hata leo."

Ofisa hakugomba. Alinyoosha kiganja, akapewa funguo za maabara, na Bwana Dumuzi akaondoka na koti lake mkononi.

Nyumbani alimkuta mama yake na ungo wa mchele mapajani. Hakukaa. Alimweleza amesimama, kama mtoto aliyevunja chungu: amekataa, na kazi imekwenda.

Mama hakuinua uso. Vidole viliendelea kutembea kwenye mchele.

"Mdogo wako asiporudi, sitakusamehe."

"Najua, mama."

Mama akajisogeza kidogo kwenye mkeka, akausukuma ungo ukawa katikati.

"Kaa basi. Umeshakuwa mtu wa nyumbani, nisaidie kuchambua. Macho yangu hayaoni mawe."

Akakaa.