Makopa Juu ya Njia ya Reli

Asubuhi ile tuliyokwenda kwenye maulidi ya bara haijanitoka moyoni mpaka leo, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka miguu yangu hii ya kizee hutaka kukanyaga pedali. Nilikuwa kijana wa Likombe, hapo Mtwara, ndevu zangu bado za kuhesabika, na nilikuwa na baiskeli nyeusi aliyoniachia mjomba wangu. Niliifungia kengele mpya, na ikilia, kuku wa mtaa wa pili walikimbia.

Wakati huo garimoshi lilikuwa limekwisha kutuaga. Ninyi mmekuta alama zake zimefutika, lakini sisi tuliliona likitoka bandarini na kurudi, kisha tukaona reli zinang'olewa na mataruma yaliyozibeba yanapakiwa. Wazee walisikitika, wakasema kusini tumesahauliwa. Sisi vijana, Mungu atusamehe, tulishangilia. Kilichobaki kilikuwa lile tuta refu lililonyooka, limeshindiliwa vizuri, halina mchanga wa kuzamisha gurudumu wala lori la korosho la kukumwagia vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye barabara ya magari uliisukuma baiskeli kuliko ulivyoipanda. Juu ya tuta ulipanda asubuhi na hukushuka mpaka kiu ikushushe.

Siku hiyo nilikuwa na haja kubwa mbele yangu. Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa Mzee Issa, mkulima wa mikorosho na mihogo katika kijiji kimoja huko bara, wakimtaka binti yake Somoe. Mzee Issa hakukubali wala hakukataa. Alituma neno kwamba anafanya maulidi nyumbani kwake baada ya sala ya adhuhuri, nami nije nisome mlango mmoja wa kitabu cha maulidi mbele ya watu wake, anisikie, ndipo ajibu. Tena nilijua kwamba kijana mmoja wa Mikindani, mwenye sauti nzuri kunishinda, naye amepeleka posa yake na ameitwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nzima.

Tulitoka watu watatu baada ya kuswali alfajiri. Alikuwepo Chande, rafiki yangu, mtu wa utani asiyechoka, na alikuwepo Maalim Shaweji aliyenifundisha Kurani tangu nikiwa mdogo wa kubebwa begani. Maalim alikuwa mrefu na mwembamba. Aliikunja kanzu yake akaifunga kiunoni, akabaki na msuli, akaketi juu ya baiskeli wima kama anayesubiri iqama ya sala. Tulidhani tutamngojea njiani. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitungojea sisi.

Mwanangu, sijui nikuelezeje raha ile. Upande mmoja bahari ya Mikindani ilikuwa inameta katikati ya minazi, ikajificha, ikatokea tena, kisha ikatuacha tukaingia kwenye mikorosho. Ilikuwa imetoa maua, na harufu yake tamu ilitujaa vifuani kila tulipovuta pumzi. Hapakuwa na honi wala moshi. Ungesikia mnyororo wako mwenyewe unavyozunguka. Tulifika mahali ambapo wajenzi wa reli waliukata mlima ili garimoshi lipite, kuta za udongo mwekundu huku na huku, na Chande akapaza kasida. Mlima ukamwitikia. Akacheka mpaka akayumba, akanipigia kelele, "Bwana harusi, kanyaga, mwenzio wa Mikindani ameshakula pilau!" Nikakanyaga. Tuta likaanza kuteremka taratibu, upepo ukaijaza kanzu yangu mgongoni, nikainua miguu kutoka kwenye pedali nikapiga kelele kama mtoto. Hata Maalim alikuwa akitabasamu, nilimwona.

Tulipokuwa tumekwisha pita nusu ya safari, wingu jeusi likainuka upande wa mto Ruvuma. Halikuwa wingu la msimu ule, lakini Mungu haulizwi. Nikaongeza mwendo, nikawatangulia wenzangu. Nilipozunguka kona nikakuta tuta lote mbele yangu ni jeupe.

Yalikuwa makopa. Watu wa vijiji vile, baada ya reli kuondoka, walikuwa wameona kwamba hakuna mahali pazuri pa kuanikia mihogo yao iliyomenywa kuliko pale juu, panapopigwa na jua kutwa nzima na upepo usio na vumbi. Walitandika majamvi wakaanika, na pembeni wakaacha ujia mwembamba. Desturi ilikuwa kwamba mwenye baiskeli hushuka, huamkia, hupita akiikokota. Sikuijua desturi hiyo. Nilimwona bibi mmoja mzee peke yake, ameinama, anazoa makopa na kuyatia kwenye tenga, anatazama wingu, anazoa tena. Nami nikapiga kengele. Nikaipiga kwa nguvu na kwa kurudia, ili aniondolee majamvi yake nipite bila kushuka.

Bibi akanyoosha mgongo akanitazama. Nyuma yangu nikasikia baiskeli ya Maalim inalazwa chini.

"Umepata njia isiyo na gari," aliniambia, kwa sauti ile ile ya chini aliyotumia darasani, "ukadhani haina wenyewe."

Akamwendea bibi kwa heshima, akamwamkia, akamwomba ruhusa amsaidie. Bibi akasema jina lake Bi Fatu, mwanawe na mkewe wamekwenda Mtwara kumpeleka mtoto hospitali, na hicho kilichopo pale ndicho chakula chao mpaka mihogo mingine ikomae. Yakinyeshewa yataota ukungu. Maalim akachutama akaanza kuzoa.

Mimi nilisimama nimeshika usukani. Nilimwambia Maalim kwamba tukikawia mlango wangu utasomwa na mwingine, na yeye anajua maana yake. Alijua. Alinijibu bila kuinua kichwa, "Baiskeli yako iko hapo, na ujia ule pale. Sikukatazi."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa na nimewahi kugombezwa, lakini hakuna kilichonishika kama ruhusa ile. Nikailaza baiskeli, na Chande aliyekwisha kutufikia akailaza yake.

Tulizoa. Bi Fatu alitucheka, akisema sisi wa mjini tunaokota makopa kama watu wanaookota mayai. Chande akamjibu kwamba huyu mmoja anaposa leo, ndiyo maana anafanya madaha. "Basi mpeni tenga kubwa," akasema Bi Fatu, "tuone kama ataweza nyumba." Tukacheka wote huku tunakimbia, matenga kichwani, kushuka tuta mpaka nyumbani kwake na kupanda tena. Unga wa mihogo ulitujaa mikononi, vifuani, kwenye nywele. Jamvi la mwisho lilikuwa bado juu mvua ilipotushukia, mvua nzito, na lile halikuokoka. Mengine yote yaliingia ndani.

Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililonishangaza. Tulirudi juu ya tuta tumelowa chapachapa, jua likatoka, njia ikawa inatoa mvuke, tukaenda mbio kama watu waliofunguliwa kamba.

Lakini tulichelewa. Tulipofika watu walikuwa wamekwisha kaa kwenye masinia, na kijana wa Mikindani alikuwa amesoma mlango wake na wangu pia. Watu walikuwa bado wanamsifu. Mzee Issa alitoka barazani akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza kama maulidi nimeyasomea njiani. Nikafungua kinywa nimweleze yote, mvua, bibi, majamvi. Maalim akanikanyaga mguu.

"Tumechelewa, Mzee Issa," akasema. "Tuwie radhi."

Mzee Issa hakuondoka. Unga wa mihogo ulikuwa umelowa ukakaukia mwilini mwangu kama chokaa ukutani. Akaubandua kidogo kwenye mkono wa kanzu kwa ukucha wake, akaunusa. Mkulima wa mihogo haambiwi ile ni harufu gani.

"Yaliingia ndani yote?" akauliza.

"Yote, mzee, ila ya jamvi moja."

Akaitika kwa kichwa, akawaambia watu wasogee nipate nafasi ya kula. Jibu la posa hakulitoa siku ile. Tuliporudi Chande hakunitania hata mara moja, nikajua amenihurumia. Jibu lilikuja baada ya Ijumaa mbili: wazee wangu waende wakapange siku.

Bibi yako Somoe mpaka leo hupenda kuwaambia wageni kwamba baba yake hakuwahi kunisikia nikisoma mlango mzima.

Usidhani nakufundisha kwamba ukizoa makopa utapewa mke. Yule wa Mikindani alisoma vizuri, naye alipata mke mwema kwingine, Alhamdulillahi. Wala sikukatazi raha ya mwendo. Nimeionja, nayo ni neema. Ninachokuusia ni hiki. Njia mbovu humfanya mtu yeyote ashuke, hata mwenye kiburi. Njia nzuri ndiyo inayotupima. Siku mambo yako yatakapokunyookea, kazi inakwenda, afya ipo, hakuna kinachokuzuia mbele, jua kwamba hapo unapopita kwa raha pana mtu ameanika riziki yake. Weka kengele yako kimya. Shuka, mwamkie, umpishe. Ikiwa wingu limemkaribia, msaidie, kisha funga kinywa chako uende, maana Aliyekuona amekwisha kukuona.

Mwenyezi Mungu akunyooshee safari zako, mwanangu, akupe miguu yenye nguvu na moyo mwepesi wa kushuka, akukutanishe na watu wema kila unapofika, na akukinge usimpite mja wake aliyeinama peke yake. Amin.