Ile ya Mia na Ile ya Sabini na Tano

Kompyuta mbili zilizoletwa kwenye karakana ya Kizota zilikuwa zimebeba vumbi la nchi nyingine. Zilikuwa mitumba, kama suruali na mashuka ya miaka ile soko lilipofunguliwa na kila kilichochoka Ulaya kikaja kwetu kuanza maisha upya. Nilipofungua ya kwanza nikakuta nywele za mtu, makombo ya biskuti na mende aliyekauka, na harufu ya sigara ikanikaa kwenye vidole hadi wakati wa ugali wa jioni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Fundi wa pale, ambaye zamani alitengeneza redio, alinipokea kwa sababu nilisoma vitabu vyake vya Kiingereza haraka kuliko yeye. Aliniita Fomu Siksi.

Ofisi iliyotaka kuzinunua ilikuwa ile ile aliyofanyia kazi mama yangu, mpiga chapa. Afisa utawala wao alitaka tuzilinganishe na kumwandikia ripoti: ipi ina nguvu, na ipi inastahili bei yake.

Usoni kila moja ilikuwa na kidirisha chenye tarakimu za kijani. Moja ilionyesha 100, nyingine 75. Ile ya mia ilikuwa na prosesa ya 486, kizazi kilichokuwa kinaaga. Ile ya sabini na tano ilikuwa Pentium, kizazi kilichofuata, na bei yake ilikuwa juu zaidi. Nilizipa memori sawa na kazi sawa. Kwenye barua za kawaida sikuona tofauti ya kumfanya mtu anyanyue kichwa. Kwenye majedwali ya hesabu ndipo ile ya mia ilipoanza kuhema. Mwenzake alikuwa amemaliza na kutulia, yeye bado anakoroma, taa yake ndogo nyekundu ikipepesa kama jicho lenye uchafu.

Fundi alinieleza kwa kinu na mchi. Mmoja anatwanga mara nyingi lakini mchi wake mwepesi. Mwingine anatwanga mara chache na kila pigo linaingia. Zaidi ya hapo, alisema, tarakimu zile za usoni hazipimi kitu chochote. Nyuma yake kuna vijiti vidogo ambavyo fundi yeyote anaweza kuvipanga viandike atakacho. Akavihamisha kidogo, ile ya mia ikasoma 88, akasema huo ndio umri wa mama mkwe wake, na bado ana nguvu kuliko mashine zote mbili. Kisha akairudisha kwenye mia.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono. Kwa barua peke yake, nilisema, ile ya mia inatosha na ndiyo yenye nafuu; kwa majedwali, ile ya sabini na tano inastahili kila shilingi. Afisa alikuja kuichukua ripoti akiwa na kijiti cha meno mdomoni. Hakuisoma. Aliikunja mara nne, akaanza kujipepea nayo huku akitazama vile vidirisha.

“Binti, mia na sabini na tano, kipi kikubwa?”

Nilimwambia inategemea kazi.

“Hicho ndicho kidato cha sita cha siku hizi,” akamwambia fundi.

Wakacheka wote wawili. Fundi alijua ukweli, na alicheka kwa sababu yule alikuwa mteja. Nilikitazama kile kijiti kikihama kutoka kona moja ya mdomo kwenda nyingine, kimelowa, na hamu yangu ya kubishana ikaisha.

Ofisi ilizinunua zote mbili. Zikafungiwa chumbani, zikafunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, kwa kuogopa vumbi la Dodoma. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Kisha likaja wimbi la kupunguza wafanyakazi. Wapiga chapa walikuwa wawili, mama yangu na rafiki yake niliyemwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Walikuwa wamekaa chumba kimoja tangu nikiwa shule ya msingi. Mama alipolazwa, mama mdogo alichapa kazi za meza zote mbili na hakumwambia mtu. Sasa alitakiwa abaki mmoja. Wote walikuwa wamejifunza kompyuta kwa wiki chache kwenye mashine kuukuu ya ofisi ya jirani, na afisa akatangaza mtihani: kazi moja, siku moja, kila mmoja na kompyuta yake. Kompyuta haina upendeleo, alisema. Aliyeajiriwa kwanza achague kwanza ya kukalia. Huyo alikuwa mama.

Nilimkuta akichambua mchele. Nilimweleza bila kuulizwa.

“Usiifuate mia, mama. Kaa kwenye sabini na tano.”

“Una hakika?”

“Nimezipima mwenyewe.”

Akatoa jiwe moja, akalitupa.

“Na mwenzangu?”

Nilisema kama ni barua, hakutakuwa na tofauti. Sikusema kama ni majedwali. Yeye hakuuliza, na ungo ukaendelea kupepetwa.

Alichagua siku ya Ijumaa. Jumapili mama mdogo alikuja kwetu na kikapu cha zabibu kutoka shambani kwao Hombolo. Alikuwa amekuja kushukuru. Alimshika mama mikono yote miwili, akamwambia hakutegemea dada yake angemwachia ile kubwa. Mama akasema si kitu. Mimi nilizila zile zabibu. Zilikuwa tamu, nikaongeza nyingine, na hilo linanichefua kuliko mengine yote niliyoyafanya.

Siku ya mtihani niliitwa kuwasha mashine, maana afisa aliziogopa. Wakuu watatu walikaa nyuma na chai yao na maandazi, wakifuta mafuta ya vidole kwenye karatasi za ofisi. Kazi ya kwanza ilikuwa barua, na kwenye barua mama mdogo alitangulia. Alikuwa na vidole vizuri kuliko mama. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na mama alilijua zaidi.

Kisha likaja jedwali la bajeti, mafungu kwa mafungu, lililotayarishwa kwenye diski lijumlishe lenyewe. Kila tarakimu iliyoingia, jedwali zima lilihesabiwa upya. Kwa mama lilikwama kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Kwa mama mdogo lilisimama. Aliandika namba moja, akangoja. Akaandika nyingine, akangoja. Mikono yake aliiweka mapajani, kama alivyofundishwa tangu enzi za taipureta kwamba mpiga chapa hapapasi. Nilimwona mkuu mmoja akinyoosha kidole chenye mafuta kuelekea ile mikono, na afisa akaandika kitu kwenye daftari.

Kulikuwa na mahali pa kubonyeza ili jedwali lisihesabu mpaka mwisho. Nilipajua. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Nilibaki nimeegemea ukuta.

Mama alimaliza, akakabidhi. Mama mdogo alikuwa bado katikati.

“Huyu ndiye aliyepata namba kubwa,” afisa akawaambia wenzake, “na bado ameshindwa. Sasa tumlaumu nani?”

Mmoja wao aliomba chai zaidi.

Mwisho wa mwezi mama mdogo alikuja nyumbani tena. Safari hii hakuwa na kikapu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye kigoda jikoni, na kwa muda alizungumza na mama habari za mvua iliyochelewa. Kisha akanigeukia mimi.

“Mwanangu, wewe ndiye uliyezipima. Ilikuwa mikono yangu, au ilikuwa ile mashine?”

Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ulisimama.

“Zilikuwa zinalingana, mama mdogo.”

Mwiko ukaendelea.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo alilokwisha kulikisia. Alisema basi ni uzee, na uzee hauna wa kugombana naye. Akamwambia mama asijisikie vibaya, alishinda kwa haki. Mama alimpakulia mlenda mwingi kuliko wetu.

Baada ya kula aliniomba nimwandikie barua ya kuomba kazi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa wa kusomeka. Alinitajia miaka yake yote ya taipureta, ofisi kwa ofisi, nami nikaandika. Tulipofika kwenye ujuzi mwingine nikamuuliza kama niandike kwamba anajua pia kompyuta.

Alifikiri.

“Hapo paruke,” akasema. “Wasije wakanipima tena.”

Nikaparuka. Mistari ilitoka imenyooka, na mama, akiisoma juu ya bega langu, alisema ni barua nzuri.