Bila Plasta, Funga Mdomo

Kila tarehe kumi na moja Julai, Ayikoru binti Drani huvaa gomesi, gauni lake refu la manjano, husimamisha hema kando ya uwanja wa Onduparaka, huko Arua, na kuwaita watu watoe damu. Siku hiyo, mwaka 2010, kaka yake Afedra alikuwa Kampala akitazama fainali ya Kombe la Dunia, na bomu likamkuta pamoja na wengine wengi, bado wamekaa vitini mwao. Nyumba ya Drani si nyumba ya kulia na kukaa. Damu iliyomwagika kule, alisema Ayikoru, itajazwa huku, kwa watoto wa malaria wanaoongezewa damu hospitalini.

Ila mwaka jana gari la damu liliondoka karibu tupu, na mtaa ukacheka. Mwaka huu sista, muuguzi wa gari hilo, alimwambia wazi: likirudi tupu, hawaji tena. Basi Ayikoru akawapelekea habari mashemeji wa Koboko, alikoolewa mdogo wake: njooni, ni siku ya Afedra.

Wakaja! Lori zima, ngoma, baragumu, na mbuzi mwenye kelele kuliko wote. Walidhani wameitwa kwenye matanga, na matangani mashemeji huja kucheza na kuwatambia wafiwa mpaka wenyeji watafute pa kuficha uso. Shafiki, mume wa Phiona, mdogo wake Ayikoru, aliruka chini kabla lori halijasimama.

"Shemeji! Wanaume ya Arua iko wapi? Nasikia walikimbia sindano!"

Vijana wa Onduparaka, waliojibanza ukutani tangu asubuhi, wakavimba. Ngoma zikaanza. Sista akashika kichwa.

"Mama, aliyetoa damu hachezi! Ataanguka!"

Ayikoru aliona akilini gari likiondoka tupu mbele ya wakwe, na jina la Afedra likiondoka nalo. Akapanda juu ya kiti, na gomesi yake hivyo hivyo.

"Leo hakuna kucheza! Kutamba ruhusa, lakini umekaa, na plasta iko mkononi. Bila plasta, funga mdomo!"

Mzee Aliga wa Koboko akakunja mkono wa shati, akaingia hemani. Alitoka na plasta, akaketi, akanywa soda taratibu, ndipo akasema: "Nyinyi iko na damu kweli, ama maji ya kulowekea muhogo?"

Swaib wa Onduparaka akafungua mdomo kujibu.

"Plasta!" umati wote ukamzomea.

Swaib akatimua mbio hemani. Wenzake wakamfuata wakisukumana, na kila aliyetoka alikaa chini na kumwaga matusi aliyoyabana kifuani kutwa nzima. Koboko wakajibu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mifuko ya damu ikajaa mpaka ukabaki mmoja.

"Huo yangu!" akasema Shafiki. Akalala kitandani, akaiona sindano, akazimia kabla haijamgusa.

Wakambeba nje, miguu juu. Ayikoru akalala mahali pake, mfuko wa mwisho ukajaa. Akatoka na plasta, akaketi katikati ya uwanja, sasa mwenye ruhusa kamili, akainua uso na kupaza sauti:

"Afedra, kaka yangu! Njoo uone aina ya mutu aliyemuoa dada yako!"

Hata Shafiki alicheka, pale chini alipolala.