Chui na Kuku Aliyeatamia

Wewe uliyekulia huku kwetu miaka ya tisini utanielewa nikisema tulilelewa na ukungu. Asubuhi ukungu huo uliteremka kutoka mashamba ya chai ukakaa uani kama mgeni asiyejua kuaga, nasi tukaenda shule pekupeku, mfukoni kiazi cha kuchoma cha kupasha mikono joto. Alasiri mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka mwalimu akanyamaza. Jioni tulijazana jikoni kwa Kogo, nyanya yetu, penye moshi, ugali na maziwa ya kibuyu yenye madoa ya mkaa wa kukisafishia.

Mbwa wetu aliitwa Chui, ingawa hakuwa na doa hata moja. Dosari yake ilikuwa mayai. Aliyaiba. Na mbwa mla mayai alikuwa na dawa iliyojulikana kila boma: yai lilichemshwa, likatiwa mdomoni likitoka mvuke, kisha watu wakaushika mdomo usifunguke. Mbwa wa jirani alipewa dawa hiyo. Mayai aliacha, lakini pia aliacha kuja akiitwa, na ukiinua mkono kujikuna tu, alijikojolea.

Siku Baba alipokuta kiota kitupu tena, hata dawa hakuitaka.

"Huyu nimechoka naye," alisema, akitungua kamba ya ng'ombe ukutani. "Nampeleka msituni, nimwache huko."

"Weka kamba, kijana yangu," Kogo akasema. Kuku wake alikuwa ndio kwanza ameatamia kwenye pembe ya jiko. "Ngoja mpaka huyu aangue. Yai moja likipotea, mpeleke."

"Mama! Unaachia fisi mbuzi?"

Kogo alinigeukia mimi, mtoto wa darasa la tatu niliyekuwa nikilia juu ya shingo ya mbwa. "Chebet, mfunze. Na usimpige. Ukimpiga atajua wewe ni mbaya, lakini yai litabaki tamu."

Nilianza vibaya. Nilimwonyesha yai mara moja nikamwambia "ngoja", naye akalimeza pamoja na nusu ya mkono wa sweta yangu. Kogo alicheka hadi akakohoa, kisha akanipa kiazi kibichi. Mbwa gani hufa kwa tamaa ya kiazi kibichi? Basi kila jioni nilikiweka sakafuni, nikamwambia "ngoja", na Chui alipogeuza macho kuniangalia mimi, nilimpa ukoko wa ugali uliochovywa kwenye maziwa. Kiazi kikawa ganda la yai lililotobolewa, ganda likawa yai lenyewe ndani ya ngumi yangu, na mwisho yai juu ya kiganja kilicho wazi. Siku nyingine alishindwa, nami nilitamani kumzaba kofi. Nilifunga ngumi, nikaanza upya na kiazi.

Kaka yangu Kiprono alisimama mlangoni akijishika mbavu. "Mbwa anangoja kama anaombea chakula! Sasa kilichobaki ni kumbatiza."

Kisha ikaja siku ya chai nyingi. Sote tulienda shambani, tukabeba magunia hadi kituo cha kununulia, tukanyeshewa tukirudi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Kizingitini alilala Chui, anajilamba mdomo, na kando ya miguu yake palikuwa na maganda ya mayai.

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye kamba. Nilimshika koti, nikashindwa hata kulia.

"Wewe, sikiza kwanza," Kogo alisema kutoka ndani, alikokuwa ameshatangulia kumtazama kuku wake.

Tukasikiza. Chini ya kuku palitoka sauti nyembamba, nyingi, kama mvua inayoanza. Baba aliinama, akamwinua kuku kidogo. Vifaranga walikuwa wamejaa pale, wengine bado wamelowa; maganda ya kizingitini yalikuwa yao, Chui aliyaokota tu akayaramba. Kifaranga mmoja alikuwa ametoka kiotani, amejibanza kwenye tumbo la Chui kutafuta joto, na mbwa mzima alikuwa akitetemeka kwa jitihada ya kutosogea.

Baba aliiweka kamba chini. Halafu akakata kipande cha ugali baridi, akamtupia. Chui hakukigusa. Aliniangalia mimi.

"Mwambie ale," Baba akasema kwa sauti ya chini. "Si mnaongea lugha moja."

Siku hizi mashine zinakata chai milimani, na mbwa tunawasikia nyuma ya mageti wakibwekea kila apitaye. Watoto wetu wana akili nyingi, Mungu awabariki, lakini video ikichelewa kufunguka wanaizaba simu makofi. Juzi mwanangu aliniomba mbwa. Alitaka mkubwa, aliyefunzwa tayari, anayetii siku ya kwanza.

"Wapo," nilimwambia. "Lakini huyo atakuwa bado mbwa wa mtu mwingine."

Aliuliza ikiwa kufunza huchukua muda mrefu. Nikamwambia ndiyo, sana. Naye akarudi kwenye simu yake.